Vilima Vinavyotunza Mifupa

Katika kila nyumba hufika siku ambapo mtoto huuliza swali ambalo wakubwa hupenda kulikwepa: wale waliokufa kabla yetu wako wapi, na mifupa yao imekuwaje? Aghalabu mtoto hujibiwa kwamba mambo hayo hayamfai, akatumwa kwenda kuteka maji. Hata hivyo swali hilo ni la haki, na mataifa yote duniani yamelazimika kulijibu, kila taifa kwa desturi yake.

Wako watu ambao huijengea mifupa nyumba. Katika rasi ya Sinai, nchini Misri, iko monasteri ya Mtakatifu Katerina iliyojengwa katika karne ya 6. Ardhi ya mahali pale ni mawe matupu, na nafasi ya kuchimba makaburi ni haba. Kwa hiyo mtawa anapofariki huzikwa kwa muda. Baadaye mifupa yake hufukuliwa, ikapangwa pamoja na ya wenzake waliomtangulia, mafuvu mahali pake na mifupa mingine mahali pake. Mmoja tu ameketishwa peke yake akiwa amevikwa joho: ni Stefano, aliyekuwa bawabu wa njia ya kupandia mlimani katika karne hiyo hiyo ya 6. Mgeni anayeingia humo huzungukwa na mamia ya wafu ambao hawezi kuwatambua kwa majina, naye hutoka akiwa amepunguza sauti.

Msomaji asidhani kwamba mambo ya namna hiyo yako mbali. Mtu akifika Kampala, akapanda kilima cha Old Kampala, atakuwa amesimama katikati ya mji ambao karibu kila kilima chake kinatunza mifupa ya watu mashuhuri. Kilima hiki ndicho ambacho Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alikijengea ngome yake Desemba 1890. Ngome hiyo iliondolewa mahali pake ili kupisha ujenzi wa Msikiti wa Taifa, ambao ulikamilishwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Mnara wa msikiti huo una zaidi ya ngazi 300, na wageni huruhusiwa kuupanda. Anayefika juu huona vilima vyote vya zamani vimemzunguka: Mengo, Lubaga, Namirembe na Kasubi. Yafaa avitazame kimoja kimoja na kuuliza kila kimoja kinatunza nini.

Aanze na kilima anachokikanyaga. Mwezi Mei 1886, Kabaka Mwanga II alipoamuru vijana na watumishi Wakristo wauawe, mmoja wa waliohukumiwa alikuwa Matia Mulumba, mtu mzima wa makamo, mwenye asili ya Busoga na mwenye cheo katika utawala wa Ssingo. Mulumba alikuwa mtafutaji. Aliwahi kuufuata Uislamu, kisha akasoma kwa Waprotestanti, na mwaka 1882 akabatizwa Mkatoliki. Wenzake wengi walipelekwa Namugongo, lakini yeye hakufika huko. Aliuawa hapa Old Kampala: alikatwa mikono na miguu, akaachwa mwituni afe peke yake tangu tarehe 27 Mei hadi tarehe 30. Masimulizi ya Kanisa yanasema kwamba watu waliopita karibu walisikia sauti ikiomba maji, wakashikwa na hofu, wakakimbia. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wenzake 21, na parokia iliyoko Old Kampala imepewa jina lake.

Katika habari hiyo yafaa tufikirie wale wapita njia. Mtu aliomba maji wakakimbia. Leo watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuheshimu mahali ambapo wakati ule hapakupatikana hata mkono wa kushika kibuyu.

Sasa msomaji atazame Namirembe. Huko yamezikwa mabaki ya Askofu James Hannington, Mwingereza aliyeuawa Busoga Oktoba 1885 kwa amri ya Mwanga huyo huyo. Mifupa yake ilitunzwa, ikaletwa Kampala, ikazikwa Namirembe mwishoni mwa mwaka 1892. Halafu atazame Kasubi. Huko amelala Mwanga mwenyewe, ambaye Waingereza walimkamata mwaka 1899 na kumpeleka kisiwa cha Shelisheli. Alifariki huko mwaka 1903, naye alikuwa amekwisha kubatizwa katika dini ile ile aliyowaulia watu. Miaka saba baadaye, yaani mwaka 1910, mwili wake ulirudishwa nyumbani na kuzikwa karibu na baba yake. Basi aliyeua na waliouawa sasa wanaonekana kutoka mnara mmoja, na wote wawili walirudishwa kutoka mbali kwa sababu watu wao hawakukubali walale ugenini.

Kasubi panastahili maelezo zaidi. Katika Buganda ya zamani, Kabaka alipofariki hakuzikwa mzima. Taya lake la chini lilitolewa, likasafishwa na kupambwa, likawekwa katika nyumba yake ya pekee yenye watunzaji, na mwili ukazikwa mahali pengine. Watu waliamini kwamba roho ya mfalme hukaa pale lilipo taya. Kadhalika kitovu chake, kilichokatwa alipozaliwa na kukaushwa, kilihifadhiwa maisha yake yote kikiitwa mulongo, maana yake pacha, na alikuwako mkuu maalumu aliyekabidhiwa kazi ya kukitunza. Kwa hiyo Baganda nao walikuwa na nyumba za mifupa. Tofauti ni kwamba watawa wa Sinai walikusanya mifupa kwa uhaba wa ardhi, lakini Baganda, wenye ardhi tele na laini, walitunza mfupa mmoja kwa ajili ya roho iliyoaminiwa kukaa pamoja nao.

Mutesa I, aliyefariki Oktoba 1884, ndiye Kabaka wa kwanza kuzikwa na taya lake mahali pake. Alikuwa amekwisha kusikiliza walimu wa Kiislamu na wa Kikristo barazani kwake, na desturi ikabadilika katika mwili wake mwenyewe. Alizikwa Kasubi, katika nyumba kubwa ya nyasi iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ambayo ilikuwa jumba lake la kifalme. Baada yake walifuata Mwanga II, Daudi Chwa II aliyefariki mwaka 1939, na Mutesa II aliyefariki London mwaka 1969 akarudishwa mwaka 1971. Makaburi hayo manne yamefichwa nyuma ya pazia la magome ya mti, na mahali hapo huitwa kibira, yaani msitu. Mgeni haoni mfupa wowote. Huambiwa kwamba wafalme wameingia msituni, akaridhika.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Watu walilia hadharani kama waliofiwa siku ile ile, ijapokuwa wafalme waliolala humo walikuwa wamekwisha kufa zamani. Kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi, maana ilibidi watafutwe mafundi wanaojua kuezeka nyasi na kusuka pete za paa kwa utaratibu wa koo zao. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliondoa makaburi ya Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Haya yote ni mifupa iliyotunzwa na wenyewe. Iko na mifupa iliyochukuliwa, na habari yake inaturudisha tena Old Kampala.

Mwaka 1908 serikali ya ukoloni ilifungua jumba la makumbusho la kwanza la Uganda katika kijengo kidogo kwenye ngome ya Lugard, juu ya kilima hiki. Humo viliwekwa vitu vilivyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za nchi, vikiwamo vya ibada na uganga. Wananchi waliliita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga, na wengi walilipita kwa mbali. Wazungu walicheka wakidhani ni ujinga. Lakini tufikiri: mtu akiingia nyumbani mwa jirani, akachukua kitu alichokitegemea kwa uzima wake, akakiweka kabatini na kukiandikia namba, je, jirani huyo atakwenda kukitazama kwa furaha? Makumbusho hayo yalihamishiwa Makerere mwaka 1941, na tangu mwaka 1954 yako katika jengo lake lililoko Kitante.

Wakati huo huo vitu vingine vilivuka bahari. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa mabaki ya Kibuuka. Masimulizi ya Buganda yanasema kwamba Kibuuka alitoka visiwa vya Ssese kuja kumsaidia Kabaka Nakibinge katika vita dhidi ya Bunyoro. Aliruka mawinguni, akawamiminia adui mishale kutoka juu. Alionywa asichukue mwanamke wa mateka, lakini hakusikia. Mwanamke akaijua siri yake, akatoroka, akawaeleza watu wake. Siku iliyofuata wapiga mishale wa Bunyoro walilenga wingu. Kibuuka alijeruhiwa, akafia juu ya mti mkubwa huko Mbaale, katika nchi ya Mawokota. Baganda walimjengea hekalu mahali pale, wakamheshimu kuwa mungu wa vita, na kwa vizazi vingi wafalme walituma watu kuomba shauri lake kabla ya kwenda vitani.

Hekalu hilo liliharibiwa wakati wa vita vya dini vya mwishoni mwa karne ya 19. Mwanzoni mwa karne ya 20 mabaki yaliyokuwa yakitunzwa humo, taya na kitovu miongoni mwake, yaliangukia mikononi mwa John Roscoe, mmisionari Mwanglikana aliyeandika mengi juu ya desturi za Baganda, naye akayapeleka katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Wataalamu wa Ulaya walifurahi. Walisema wamepata uthibitisho kwamba mungu huyu alikuwa mtu wa kweli, mwenye taya kama watu wengine. Wenyewe walikuwa wamelijua jambo hilo siku zote. Ndiyo maana walilitunza taya.

Kwa zaidi ya nusu karne Kibuuka alikaa Uingereza. Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, mabaki yake yalirudishwa nchini na kukabidhiwa makumbusho ya taifa. Tukio hilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Hata hivyo kurudi nchini na kurudi nyumbani ni mambo mawili. Aliyeondoka hekaluni amerudi makumbusho, na swali la mahali panapomstahili lingali wazi. Mambo hayajaishia hapo: mwaka 2024 chuo hicho cha Cambridge kilirudisha Kampala vitu vingine 39, lakini kwa mkopo. Mwenye mali kukopeshwa mali yake ni jambo la kutafakari.

Wasomaji walioko Tanzania hawatashangaa kusikia habari hizi. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwezi Julai 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani. Fuvu lake lilitakiwa na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao uliandika wazi kwamba lirudishwe. Hata hivyo lilipatikana katika makumbusho ya mji wa Bremen na kurudi Kalenga mwaka 1954 tu, yaani miaka 35 baada ya sahihi kutiwa. Mpaka leo mafuvu mengi ya Waafrika wa Mashariki yamo katika maghala ya Berlin. Mwaka 2023 wataalamu huko walitangaza kwamba kwa kupima vinasaba wameweza kulinganisha baadhi ya mafuvu na jamaa walio hai upande wa Kilimanjaro. Baada ya zaidi ya miaka 100, familia ziliambiwa: huyu ni wenu.

Tena iko mifupa ya watu wasiokuwa wafalme wala miungu. Vita vya Luweero vilivyoanza mwaka 1981 vilipokwisha mwaka 1986, wanavijiji waliorudi makwao kaskazini ya Kampala waliokota mafuvu mashambani na vichakani, wakayapanga juu ya meza kando ya barabara. Wapita njia walisimama wakatazama. Wengine walitafuta dalili yoyote, pengo la jino au alama ya jeraha la zamani, ili wajue kama mmoja wao alikuwa ndugu. Baadaye mafuvu hayo yalizikwa katika makaburi ya pamoja. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea Rwanda, mto Kagera uliwaleta wafu katika Ziwa Viktoria. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda waliwaopoa, na zaidi ya 10,000 walizikwa Kasensero, Lambu na Ggolo. Waliozika hawakuwajua waliozikwa. Waliona tu kwamba maiti ni mtu, na mtu hawezi kuachwa majini.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mfupa uliotunzwa na wenyewe una jina, na mtoto akiuliza hujibiwa. Mfupa uliochukuliwa una namba. Mfupa wa barabarani hauna hiki wala kile. Kazi ya walio hai, iwe ni kabila, dini, serikali au nyumba moja, ni kuhakikisha kwamba wafu wachache iwezekanavyo wanabaki bila jina.

Kwa hiyo wazazi wanaokusudia kuwapeleka watoto kutembelea mahali pa namna hii, Kampala au kwingineko, yafaa wazingatie mambo haya.

Kwanza, mtoto aelezwe kabla ya kuondoka nyumbani. Aambiwe ni nani aliyelala pale na alifanya nini, ili asiende kutafuta vitisho. Akifika na kuuliza, “Jjajja, huyu alikuwa mtu kweli?” bibi asimkemee. Ajibu, “Ndiyo, mjukuu wangu. Alikuwa na mama yake, naye alipenda kula kama wewe.” Jibu hilo litamtosha, na litaiondoa hofu.

Pili, adabu ya mahali ifuatwe bila kubishana. Kasubi watu huvua viatu, wanawake hujitanda mavazi marefu, na wote huketi chini juu ya mikeka. Msikitini Old Kampala ni vivyo hivyo: viatu huachwa nje na mwanamke hufunika kichwa. Mtu asiye wa dini ile hapungukiwi na kitu kwa kuheshimu nyumba ya mwenziwe.

Tatu, picha zisipigwe mpaka ruhusa iombwe. Siku hizi kila kijana ana simu yenye kamera, na wengine hujipiga picha wakicheka mbele ya makaburi. Kabla ya kufanya hivyo, kijana ajiulize kama angependa mgeni acheke namna hiyo juu ya kaburi la mama yake.

Nne, na hili ndilo kubwa, safari isiishie kwa wafu wa watu wengine. Baganda huzika jamaa zao katika ardhi ya ukoo, wakawavika magome ya mti, na baadaye hufanya sherehe ya kuumaliza msiba na kumsimika mrithi, ili jina lisipotee. Makabila mengine ya Afrika Mashariki yana taratibu zinazofanana na hizo. Lakini familia nyingi za mjini zimehama mara mbili au tatu, shamba la babu limeuzwa, na makaburi yamo chini ya migomba ya mtu mwingine. Wazee wanaojua kaburi la nani liko chini ya mti gani wanapungua kila mwaka. Kila nyumba ingefanya vema kununua daftari moja, kumketisha mzee, na kuandika: jina, ukoo, mwaka ukijulikana, kijiji, na alama ya mahali. Kazi hiyo ni ya jioni mbili tu. Watu wa Kilimanjaro waliotajwa hapo juu walingoja zaidi ya karne moja na mitambo ya Berlin ili waambiwe jambo ambalo daftari huweza kulihifadhi kwa gharama ya soda moja.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Anayetaka kuanza na aanze Jumapili hii kwa mzee aliye karibu naye, wakati mzee huyo angali na pumzi ya kutaja majina.